Pauni Hamsini za Richard Spruce

Mwaka 1865 serikali ya Uingereza iliyakadiria maisha ya mtaalamu wa mimea Richard Spruce, ikaona yanastahili pauni 50 kwa mwaka. Alikuwa amerudi nyumbani mwaka mmoja tu kabla, baada ya miaka 15 katika misitu ya Amazon na milima ya Andes. Alirudi mgongo umekufa, miguu haimbebi, akiba haipo. Ikapita miaka mingine 12, na Clements Markham akalazimika kumpigania sana, ndipo serikali ya India ikakubali kuongeza pauni 50 nyingine. Markham, aliyeusimamia mpango wa kuhamishia India mkwinini, mti wa dawa ya malaria, mpango ule ule uliomlemaza Spruce, alikuja kuwa rais wa Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme na akavikwa cheo cha Sir. Simlaumu Markham kwa kumtetea mwenzake. Nailaumu dola iliyojua vizuri nani aliyebeba mzigo, ikamtukuza aliyeandika hati ya mzigo.

Na hesabu ile haijafungwa. Vitabu vya historia ya sayansi, pale vinapomkumbuka Spruce, vinamkumbuka kwa sentensi moja: ndiye aliyezitoa mbegu za mkwinini Ecuador, zikapandwa India. Basi. Miaka 15 porini na miaka mingine 29 kitandani na juu ya hadubini, yote inafutwa ibaki kazi ya mwaka mmoja, kazi aliyoagizwa. Nasema huo ni unyang'anyi wa mara ya pili. Kwanza walimnyang'anya afya yake, kisha wakamnyang'anya maana ya maisha yake.

Spruce alizaliwa mwaka 1817 huko Ganthorpe, kijiji kidogo cha Yorkshire, kwa baba mwalimu wa shule. Hakuwa na mjomba tajiri wala mali ya kurithi, na kwa mtaalamu wa viumbe wa enzi ya Malkia Victoria hilo lilikuwa jambo zito: Charles Darwin alizunguka dunia kwa fedha za baba yake. Spruce alifundisha hesabu mjini York hadi shule ilipofungwa mwaka 1844. Lakini akiwa na miaka 16 tu alikuwa ameshaandika orodha ya mimea 403 ya kuzunguka kijiji chake, na moyo wake ulikuwa umeangukia ile ambayo watu huikanyaga bila kuitazama: vimea vya kijani visivyo na ua wala mbegu, vinavyotambaa juu ya mawe na magome yenye unyevunyevu.

Mwaka 1849 akapanda meli kwenda Brazili. Hakuna aliyemlipa mshahara. Alikausha mimea, akaifunga, akaituma Uingereza kwa mtaalamu wa mimea George Bentham, naye akaigawa kwa wanunuzi waliolipa kwa kila mia ya vielelezo. Fikiria maana yake: kila mlo alioula Amazon ulitegemea majani makavu kufika salama upande wa pili wa bahari, bila kuoza wala kuliwa na mchwa. Mwaka 1854, katika safari ya mto Orinoco, homa ilimlaza wiki nyingi hadi akatoa maagizo ya mwisho kuhusu mimea yake. Mwanamke aliyewekwa kumuuguza alimtukana na kumwombea afe upesi. Hakufa. Aliinuka, akaendelea kukausha majani.

Na alisikiliza. Hapa ndipo ninapompenda zaidi. Wasafiri wengi wa Kizungu wa karne ile waliandika kwamba wenyeji hawakuwa na elimu ya kuandikwa. Spruce alikusanya maneno ya lugha 21 za Amazon. Mwaka 1852, kwenye mto Vaupés, alialikwa kwenye karamu ya wenyeji, akanywa kinywaji chao kitakatifu cha maono na ndoto. Wengine wangeandika hadithi ya kutisha na kuondoka. Yeye aliutafuta mmea wenyewe, akauona umechanua, akaueleza kisayansi na kuupa jina, kisha akatenga vipande vya shina ili wanakemia waje kuvipima. Vipande hivyo vilikaa ghalani kwenye bustani ya mimea ya Kew, London, zaidi ya karne moja. Vilipopimwa katika miaka ya 1960, dawa ilikuwa bado imo. Zaidi ya miaka 100 hakuna aliyejishughulisha kuvipima vipande ambavyo Spruce alikuwa ameviweka tayari kwa kazi hiyo, na bado huyo ndiye wanayemwita mbeba mbegu.

Mwaka 1859 ndipo London ilipomhitaji. Malaria ilikuwa inawaangamiza watu wa India, askari wa dola wakiwamo, na gome la mkwinini lilitoka Andes peke yake. Waziri wa mambo ya India akataka mbegu na miche ya aina yenye gome jekundu. Spruce alikuwa yuko huko huko Ecuador, njia anazijua, Kihispania anakizungumza, fedha hana. Akakubali. Asubuhi moja ya Aprili 1860, mjini Ambato, aliamka mgongo na miguu vimepooza, na hakupata tena kuwa mzima. Kama kulikuwa na siku ya kumwambia mtu huyu arudi nyumbani kwa heshima na malipo, ilikuwa siku ile. Badala yake, mwezi Juni alikuwa njiani kuvuka mabega ya mlima Chimborazo kwenda Limón, kwenye misitu ya mkwinini, huku nchi ikiwaka vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Aliwalipa wenye misitu ili aruhusiwe kuchukua mbegu. Yeye na Robert Cross, mtunza bustani aliyetumwa kutoka Uingereza, walikaa huko miezi wakingoja matunda yakomae na vipandikizi vishike mizizi. Wakapata mbegu kama 100,000 na miche 637. Miche ikateremshwa mtoni kwa chelezo, mto umefura, chelezo kikagonga miti ya ukingoni na masanduku yakapata misukosuko, lakini miche ikafika Guayaquil ikiwa hai. Januari 1861 ikapakiwa melini. Mwaka huo huo nyumba ya biashara alimoweka akiba yake ikafilisika. Mikwinini ikastawi kwenye vilima vya Nilgiri, kusini mwa India, na mwaka 1892 posta za Bengal zikaanza kuuza pakiti za kwinini kwa bei ambayo hata kibarua aliimudu. Spruce alikuwa hai bado, katika kijumba kijijini Coneysthorpe, Yorkshire, hawezi kukaa wima mezani kwa muda mrefu. Alifariki Desemba 1893.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuwezi kuisoma habari hii kama watazamaji. Kwinini iliwawezesha maofisa, wapimaji na askari wa Ulaya kukaa katika nchi ambazo malaria ilikuwa ikiwazika. Bila dawa hiyo, ukoloni wa bara letu ungekwenda kwa mwendo mwingine kabisa. Na kwinini hiyo hiyo imewainua watoto wetu waliokuwa wamepoteza fahamu kwa homa. Huko Kivu, mashariki mwa Kongo, mikwinini inalimwa hadi leo. Yote mawili ni kweli, na anayekueleza moja tu anakudanganya.

Wala sitaki Spruce afanywe malaika. Katika barua moja alisikitika kwamba bonde la Amazon halikuwa mali ya Uingereza badala ya India. Aliandika hayo mtu yule yule aliyekaa na wenyeji, akala kwao, akajifunza majina ya mimea kwao. Inauma, na lazima isemwe. Lazima pia isemwe kwamba ujuzi wa gome la mkwinini ulianzia kwa watu wa Andes, na wao walipata hata chini ya hizo pauni 50. Manuel Incra Mamani, Mwaimara wa Bolivia, ndiye aliyezipata mbegu bora kuliko zote, zile zilizowapa Waholanzi utajiri huko Java. Malipo yake yalikuwa kukamatwa mwaka 1871, kutupwa gerezani na kupigwa mpaka akafa muda mfupi baadaye. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: Spruce haki yake, na Mamani haki yake kubwa zaidi.

Na haki ya Spruce haiko kwenye mkwinini. Iko kwenye kitabu alichokichapisha mwaka 1884 na 1885, karibu kurasa 600 juu ya vile vimea vya magomeni alivyovikusanya Amazon na Andes. Alikiandika akiwa mgonjwa, akiinama kwenye hadubini dakika chache kisha akilala tena. Wanaochunguza vimea hivyo bado wanakifungua. Kuhusu vimea hivyo aliwahi kueleza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kila mbegu aliyoisafirisha: kwamba havimpi binadamu chakula wala dawa, lakini vina faida pale pale Mungu alipovipanda, na vina uzuri wake vyenyewe, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kila kiumbe kuwapo. Aliyasema hayo katika karne iliyokuwa ikiuliza kila jani litaingiza shilingi ngapi! Dola ilimtumia kwa mmea mmoja wenye bei, na yeye akautumia mwili uliobakia kutetea mimea isiyo na bei.

Swali la karne ile halijaondoka. Kijana wa Kitanzania au Mkenya akisema anataka kusomea vimea vya namna hiyo, ataulizwa na mjomba, na mkuu wa idara, na mtoa fedha: inaleta faida gani? Nalikataa swali hilo, maana linamtaka mtu ajue jibu kabla hajaruhusiwa kutazama. Lakini kwa wanaong'ang'ania faida, wapande milima ya Uluguru. Huko Tamás Pócs, mtaalamu wa Hungary aliyefanya kazi Morogoro, alipima uzito wa vimea vinavyoishi juu ya miti ya msituni na maji vinavyoyashika, akachapisha matokeo mwaka 1980. Vimea hivyo hunyonya mvua na ukungu kisha huyaachia maji polepole. Kutoka kwenye milima hiyo hutiririka vijito vya mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Mamilioni ya watu hufungua bomba kila asubuhi, na kati ya mvua na bomba lao umo mmea ambao hawajui hata kama una jina.

Habari za safari za Spruce, zilizohaririwa na rafiki yake Alfred Russel Wallace na kuchapishwa mwaka 1908 katika juzuu mbili, zingali hazina toleo la Kiswahili, wakati wasifu wa watekaji na wachora mipaka tumeukariri tangu shule ya msingi. Wachapishaji wetu waliokosa kitu cha kutafsiri, hiki hapa. Na wakuu wa vyuo wanaopanga bajeti ya mwaka ujao: mpeni yule kijana hadubini, nauli ya kwenda Uluguru, na mshahara kamili, sasa angali na miguu ya kupanda mlima.