Rezo ya Kivu haitengenezwe tena na mafundi walio mbali

Rezo inapokatika Goma, Bukavu ao Uvira, wakaaji hawakawii kutafuta wa kulaumu: ni kampuni ya simu, ni serikali, ni vita, ni wachimba barabara waliokata fiba optiki. Mara nyingi wana haki. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haisikiki kwenye redio wala kwenye matangazo ya mashirika ya kiraia. Fiba ni nzima, antena zimesimama, taa za mashine zote zinawaka kijani, ila ndani ya ruta kuna mstari mmoja ulioandikwa vibaya, na fundi wa zamu hajafunzwa kuuona. Aliyefunzwa yuko Kinshasa, ao Nairobi, ao Johannesburg.

Ufundi huo unaitwa MPLS. Jina linatisha kuliko kazi yenyewe. Yeyote aliyewahi kutuma gunia kwa boti kutoka bandari ya Goma mpaka Bukavu anaweza kuuelewa. Kwenye intaneti ya kawaida, kila ruta njiani husoma anwani ya mwisho ya mzigo na kuanza upya kutafuta njia. Kwa MPLS, ruta ya mlangoni peke yake ndiyo husoma anwani, kisha hubandika etiketi yenye namba. Zinazofuata haziangalii tena anwani: zinaona namba, zinaibandua, zinabandika namba nyingine na kusukuma mzigo mbele, sawa vile wapakizi wa bandarini wanavyoangalia alama juu ya gunia bila kuuliza ndani mna nini. Wahandisi wa IETF, chama cha kimataifa kinachoandika kanuni za intaneti, waliiweka kanuni hiyo mwezi Januari 2001 katika andiko linaloitwa RFC 3031. Etiketi nzima ni biti 32 tu: 20 za namba yenyewe, 3 za kusema mzigo gani utangulie, 1 ya kusema kama etiketi hiyo ndiyo ya mwisho chini, na 8 za kuhesabu hatua ili mzigo usizunguke milele.

Ni kitu kidogo, lakini maisha ya mji yanapita humo. Kampuni za simu na watoa intaneti wakubwa hutumia etiketi hizo kubeba wateja wengi kwenye fiba moja bila kuwachanganya. Etiketi ya nje inasema njia, ya ndani inasema mteja. Kwa hiyo benki, hospitali na shirika la misaada wanaweza kupita waya mmoja, hata wakitumia anwani zilezile ndani ya ofisi zao, na hakuna anayeona ya mwenzake. Pesa ya simu ambayo mama wa soko la Virunga anamtumia mtoto wake anayesoma Bukavu, mara nyingi husafiri kwa mtindo huo. Sasa, mtu akikosea namba moja inayotenganisha wateja, tawi la benki linabaki kisiwa. Mbaya zaidi, linaweza kuingizwa katika nyumba ya mteja mwingine.

Kuna makosa ambayo fundi mwenye diploma nzuri anaweza kuyaangalia siku tatu bila kuyaona. Moja linajulikana na kila mtu aliyefanya kazi hii. Kila etiketi ina baiti 4, mbili ni 8. Paketi ya kawaida ya baiti 1500 ikibebeshwa etiketi mbili inafika 1508. Tuseme mlimani kuna kiungo kimoja cha antena ambacho kiliwekewa mwisho wa 1500. Paketi ndogo zinapita, kubwa zinatupwa kimya. Fundi anatuma jaribio dogo, linarudi vizuri, anamjibu mteja kwamba rezo iko muzuri. Kwenye dirisha la benki, skrini ya kesia imeganda, na watu wamepanga mstari mpaka barabarani. Hakuna anayesema uongo hapo: fundi hakufunzwa kutuma jaribio kubwa, basi.

Kosa lingine: ruta zina lugha mbili, moja ya kutambua njia na moja ya kugawana etiketi. Ya pili ikinyamaza wakati ya kwanza inaendelea kuongea, ruta inaamini barabara iko wazi na kuendelea kupeleka wateja mahali ambapo mizigo yao inapotea. Mtu asiyejua kwamba lugha ni mbili atatafuta kosa palipo pazima.

Na mafunzo yanayotolewa sasa? Mengi yana sura ileile. Kozi ya siku 5 kwenye hoteli, mwalimu amekuja kwa ndege, picha mia tatu ukutani, chai saa nne, breve siku ya ijumaa, picha ya pamoja. Jumatatu fundi anarudi kwenye ruta ambayo mkubwa wake hamruhusu kuigusa. Kozi za namna hiyo, za kampuni kubwa zinazotengeneza vifaa, hugharimu maelfu ya dola kwa mtu mmoja. Kisha unakuja mtihani. Cheti cha Cisco cha ngazi ya kati kwa wahandisi wa watoa huduma kinadai mitihani miwili: wa kwanza dola 400, wa pili dola 300, na yote ni kwa Kiingereza katika eneo ambalo kijana amesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi mpaka chuo. Malipo yanataka karata ya benki, wakati benki za Goma zilifunga milango baada ya mapigano ya Januari 2025.

Cheti si kitu bure. Kinamlazimisha mtu kusoma sura ambazo angeruka, na kinamfungulia mlango wa mshahara. Kasoro ni kwamba wakubwa wa kampuni wamekifanya kuwa ndiyo mafunzo yenyewe. Wanahesabu vyeti vya ukutani. Hawahesabu ni dakika ngapi fundi wao anachukua kupata kosa saa nane ya usiku.

Kumbe chumba cha mazoezi hakihitaji utajiri. Tangu 2015, Linux yenyewe inajua kusukuma mizigo kwa etiketi, na programu ya bure ya FRRouting inaipa lugha za ruta kubwa. Kompyuta moja yenye kumbukumbu ya giga 16 inaweza kubeba ruta kumi za bandia bila kulalamika. Vifaa vidogo vya MikroTik, ambavyo watoa intaneti wadogo wa mashariki wanavijua vizuri, navyo vinafanya MPLS. Kwa hiyo chuo kinachofundisha mitandao Goma ao Bukavu kinaweza kujenga rezo nzima juu ya meza: Goma, Sake, Minova, Bukavu, Uvira, kila mji ruta yake. Halafu kazi ya mwalimu iwe kuharibu. Abadilishe namba moja usiku, wanafunzi waje asubuhi, wapewe saa mbili. Wasipoipata, wapewe tena kesho. Mwaka mmoja wa kuharibiana hivyo unazaa fundi kuliko hoteli kumi. Na maelezo yatolewe kwa Kifaransa na Kiswahili, kwa sababu mtu hatengenezi kitu asichoweza kumfasiria mwenzake kwenye simu.

Walimu nao wapo wa kuanzia. AFNOG, chama cha waendeshaji mitandao wa Afrika, kimefanya warsha za wahandisi tangu 2000, zikiwemo za Kifaransa. Kituo cha NSRC cha Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kinaacha masomo yake ya mitandao wazi kwa anayetaka kuyachukua. Wachache kutoka Kivu waliopita huko wangetosha kuanza, kama kampuni zao zingewapa hata siku moja kwa wiki ya kufundisha wengine.

Kampuni zina majibu mawili kwa hoja hii, na yote yanastahili kusikilizwa. La kwanza: wataalamu wako makao makuu, wataingia kwenye ruta kwa mbali. Ni kweli, mpaka siku ambayo njia iliyokatika ndiyo ileile ya kuingilia. Siku hiyo lazima mtu asimame mbele ya mashine na waya mkononi. Zamani angepanda ndege. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na kila mtu anajua barabara zilivyo.

La pili ni zito zaidi: ukimfunza, anaondoka. Anaenda Kigali, Dubai ao kwenye shirika la Umoja wa Mataifa. Wengi wanaondoka, kweli. Lakini hilo linatibika kwa mkataba wa miaka miwili unaoandikwa kabla ya kozi, na kwa mshahara ambao haumfanyi fundi wa ruta auze unite jioni ili kulipa nyumba. Tena kampuni yenye wanne wanaojua haianguki mmoja akienda. Yenye mmoja ndiyo inayomwogopa.

Wapo pia vijana wanaosema MPLS imezeeka. Mtindo mpya wa kupanga njia, ulioandikwa rasmi 2018 katika RFC 8402, kwa kweli unaondoa lugha moja ya zamani na kurahisisha kazi. Ila mara nyingi unatembea juu ya etiketi zilezile za biti 32. Anayeruka msingi atajikuta hajui vyote viwili.

Faida ya kuwa na watu hao ilionekana nje ya mipaka tarehe 12 Mei 2024, wakati nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na Afrika Kusini na intaneti ikadhoofika toka Tanzania mpaka Rwanda na Uganda. Sehemu kubwa ya rezo ya Kivu inapitia majirani hao. Siku kama hiyo njia inakuwa nyembamba, na zile biti 3 za etiketi ndizo zinaamua nani atangulie: pesa ya simu na hospitali, ao video za TikTok. Uamuzi huo unaandikwa na mtu. Kama hakuna wa kuuandika, vyote vinasukumana mlangoni na hakuna kinachopita.

Anayepaswa kuanza ni mdhibiti. Sheria ya mawasiliano namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ipo, na mfuko wa huduma kwa wote, FDSU, unategemea michango ya kampuni za simu. Kinshasa imekuwa ikiongea zaidi juu ya antena vijijini, na antena zinahitajika. Lakini inaweza kuongezwa sharti moja katika leseni: kila kampuni inayochukua pesa za wakaaji wa Kivu, Ituri na Tanganyika iwe na idadi iliyoandikwa ya wahandisi wa ruta wanaoishi katika mikoa hiyo, na ipimwe kila mwaka kwa zoezi la kutafuta kosa, si kwa karatasi. Watoa intaneti wadogo wasioweza peke yao wanaweza kuchangia chumba kimoja kupitia chama chao, ISPA-DRC, ambacho tayari kinasimamia GOMIX, kituo cha Goma ambapo wanabadilishana intaneti. Meza moja, kompyuta tatu, mazutu ya jenereta, na mwalimu anayelipwa mwisho wa mwezi.