Daftari la Gereza Halipimi Damu

Kijana akikamatwa Thika au Ruiru kwa bangi au chang'aa, watu huuliza kwanza ni wa kabila gani. Akipelekwa Kamiti, kwenye kituo cha kurekebisha vijana kisicho mbali na Ruiru, husemwa kwamba watu wake ndivyo walivyoumbwa. Akitoka, neno hilo humtangulia, naye hukosa hata kibarua cha kuchuma kahawa.

Neno hili ni la zamani, nalo lilisemwa na wenye elimu. Katika miaka ya 1930 Dakta H. L. Gordon, wa hospitali ya Mathari, Nairobi, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika ni pungufu kwa maumbile. Mwaka 1953 Dakta J. C. Carothers, aliyewahi kusimamia hospitali hiyo hiyo, alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Madai hayo yamekwisha kukataliwa na wataalamu.

Yafaa msomaji atazame jinsi madaftari ya magereza yalivyojazwa zamani hizo. Kwa miaka mingi sheria ya kikoloni ilimkataza Mwafrika pombe kali za Kizungu, na tembo la kienyeji lilitaka kibali. Mzungu alikunywa whisky yake katika hoteli ya Blue Posts, Thika, iliyofunguliwa mwaka 1908, wala hakuvunja sheria. Kitendo kilikuwa kimoja, bali aliyeandikwa daftarini ni mmoja. Daftari lilionyesha nani alikamatwa; halikuonyesha nani alikunywa.

Tena, kwa desturi ya Wagikuyu muratina ilikuwa kinywaji cha wazee, na kijana hakuruhusiwa kulewa. Kama ulevi u katika damu, mbona babu hakulewa ujanani? Damu haikubadilika. Kilichobadilika ni maisha: kijana yu mbali na wazee wake, shule imekatizwa kwa kukosa karo, kazi ni ya siku mbili tatu, na chang'aa ni rahisi kuliko chakula.

Tangu mwaka 2010 sheria ya Kenya yakataza kumwuzia pombe mtu asiyetimiza miaka 18, awe wa rangi au kabila lolote. Basi baraza likikutana na liulize mambo mawili: ni nani aliyemwuzia, na ni kazi gani inayomngoja atakapotoka. Swali la kabila halijamponya kijana hata mmoja.