MAZIWA YA NG'OMBE ALIYECHOMWA SINDANO: FAINI PEKE YAKE HAITOSHI

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu ujao una shauri la maziwa ya ng'ombe waliochomwa sindano. Kamati inapendekeza faini kwa kila atakayeyaleta kituoni. Nakubali kabisa kwamba maziwa hayo yasiletwe. Ila hiyo faini, ikiachwa peke yake, itatufundisha kuficha tu.

Kwanza tuelewane jambo lenyewe. Dawa kama OTC na penisilini kazi yake ni kuua vijidudu. Lakini haziishi mwilini siku ile ile, hutoka kidogo kidogo pamoja na maziwa. Ndiyo sababu chupa inaandikwa siku za kungoja, na siku hizo zinatofautiana dawa kwa dawa. Akina mama wanaogandisha mtindi wanalijua hili zamani: maziwa ya ng'ombe aliyechomwa hukataa kuganda, maana dawa imeua hata vile vijidudu vyema vya mtindi. Na ndoo moja ikishamiminwa kwenye tangi, imekuwa ya wote. Msidanganyike na kuchemsha. Moto unaua vijidudu, lakini hauwezi kutegemewa kuondoa dawa.

Sasa mtindi ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni usugu. Dawa ikiwa pungufu, vijidudu dhaifu hufa, vile vikali vichache hubaki, navyo ndivyo vinavyozaana. Kesho dawa ile ile haivitishi. Hupita kwenye maziwa mabichi, kwenye samadi, kwenye mikono ya mkamuaji, mpaka kwa mtoto nyumbani. Na dawa za zizini ni ukoo mmoja na dawa za zahanati. Ikishindwa huku, na kule inashindwa.

Siyo habari mpya. Fleming, yule mgunduzi wa penisilini mwaka 1928, alionya mwenyewe alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba kutumia dawa pungufu kutavifanya vijidudu viizoee. Wakubwa hawakusikia. Marekani walinenepesha mifugo kwa dawa hizi tangu miaka ya 1950, na Ulaya walipiga marufuku unenepeshaji huo kabisa mwaka 2006 tu. Hesabu ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2022 inasema vijidudu sugu viliua watu kama 1,270,000 duniani mwaka 2019, na sehemu iliyoumia zaidi ni Afrika kusini mwa Sahara. Serikali yetu ilitoa mpango wa kupambana na usugu mwaka 2017. Lakini mpango wa Serikali haukamui ng'ombe. Tunaokamua ni sisi.

Basi nirudi kwenye faini. Fikirini mama mwenye ng'ombe mmoja. Ng'ombe ameugua kiwele, amechomwa, anatakiwa amwage maziwa siku zote za kungoja. Ada ya shule inadaiwa, chumvi hamna. Mtu huyo atafanya nini? Ama atayaleta usiku usiku kwa ndoo ya jirani, ama atamchoma ng'ombe siku moja badala ya siku tatu ili arudi kituoni haraka. Hilo la pili ni baya kuliko la kwanza, maana ndiyo shule yenyewe ya vijidudu sugu! Mwenye ng'ombe sita haumii hivyo. Yeye atalipa faini na kucheka.

Mimi nasema hivi. Tukate shilingi chache kwa kila lita iwe akiba, na mwanachama atakayetangaza ng'ombe wake alipwe nusu ya bei kwa siku alizoandikiwa na Bwana Mifugo. Ng'ombe afungwe kitambaa chekundu pembeni au shingoni, kila mkamuaji aone. Atakayeficha baada ya hapo, faini imkute, tena kubwa. Najua wengine watanung'unika kwamba wanawalipia wazembe. Lakini tangi likikataliwa na mnunuzi, tunakosa wote, mzembe na asiye mzembe.

Neno la pili ni kuku. Kideri kikiingia, watu wanakimbilia dukani kununua unga wa OTC na kuutia kwenye maji. Jamani! Kideri ni ugonjwa wa virusi, na dawa hizi haziui virusi. Kuku wanakufa, fedha imekwenda, na vijidudu vingine vimepata mazoezi. Kideri kinazuiwa kwa chanjo: tone moja jichoni kabla ugonjwa haujafika, na kurudia kila miezi mitatu. Tatizo ni kwamba chupa moja inatosha kuku mia au zaidi, na mwenye kuku kumi na wawili haoni sababu ya kuinunua. Kwa nini ushirika usinunue chupa, tukapanga siku moja, tukapita nyumba kwa nyumba? Hilo halihitaji hata mkutano mkuu, kamati inaweza kuamua wiki hii.

Na maandishi ya chupa, aghalabu ni ya Kiingereza na ni madogo kama chawa. Namwomba Bwana Mifugo atuandikie kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kila dawa inayouzwa hapa na siku zake za kungoja, ibandikwe kwenye ubao huu huu. Nafasi ipo pale chini, penye tangazo la mbegu ambalo msimu wake umekwisha.

Mwanachama, Kikundi cha Maziwa