"Atasema Tu", na Kama Hasikii?

Mwandishi wa makala moja anawatuliza akina mama: mtoto wa miaka 3 asiyesema aachwe, hasa wa kiume, mbona hata baba yake alichelewa? Ni kweli, wengi wanaochelewa huja kuwafikia wenzao. Ila hatuambii tutawatambuaje wale wasiowafikia.

Mtoto wa miaka 2 hutarajiwa kuunga maneno mawili: "mama maji", "baba kaenda". Asipofanya hivyo, cha kwanza kupimwa ni masikio. Hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika. Unaonyesha kikombe kwa kidole, unasema "lete", analeta. Kasikia? Huenda kafuata kidole tu. Mwite akiwa amekupa mgongo, mikono yako imetulia, uone kama atageuka. Sikio linalotoka usaha kila mara (nasi tunalitilia mafuta ya uvuguvugu!) linaweza kupunguza usikivu; homa ya uti wa mgongo yaweza kuuondoa kabisa.

Eti, kwa mwandishi huyo, asubiriwe mpaka aanze shule! Kama ni kiziwi, miaka hiyo angekuwa tayari anazungumza na nduguze kwa Lugha ya Alama. Akipimwa akakutwa mzima, mama kapoteza asubuhi moja na nauli. Hiyo ndiyo hasara yote.