Kumbukumbu za Meno Zimfuate Mgonjwa

Mwananchi wa Ruhuwiko aliyezibwa jino mjini Songea aweza kesho kuhamia Unguja au Pemba. Daktari wa huko atajuaje ni jino lipi lilitibiwa, au kwamba penisilini humdhuru? Daftari likipotea, historia yote imepotea.

Hospitali nyingi za umma za Bara zimekwisha kuingia katika mfumo wa kompyuta wa GoT-HoMIS. Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022. Hatua hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, mashine haijijazi yenyewe. Daktari wa meno asiyefundishwa, mwenye foleni ndefu mlangoni, ataiona kompyuta kuwa ni mzigo. Tusimwite mkaidi.

Afya si jambo la Muungano, lakini mgonjwa ni yule yule. Tunawaomba wakuu wa Wizara zote mbili za Afya wawafundishe madaktari hawa, wawashirikishe katika kuitengeneza mifumo hiyo, na kuhakikisha kuwa inasomana. Madaktari nao watambue kuwa kuandika kumbukumbu ni sehemu ya tiba, si kazi ya karani.