Kabla ya kuongeza nguvu, hakikisha gari la babu linasimama

Unalijua gari hilo. Liko shags, nyuma ya ghala, chini ya mti wa avokado. Tairi zimelala, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na kila Disemba wewe na mabinamu zako mnapiga nalo picha. Pengine ni Datsun 1600. Pengine ni Peugeot 504, au Ford Escort ambayo buda anaapa ilikuwa ikipanda milima ya Limuru kama imefukuzwa (tumzoee, buda huongeza chumvi). Sasa umepata kazi, una ganji kidogo, na umetazama video za kutosha za Wamarekani wakifufua Mustang na Charger kwenye gereji za nyumbani. Umeamua: hii ndai itanguruma tena.

Sisi tunakuunga mkono. Afadhali wewe kuliko yule jamaa wa vyuma chakavu anayepita kijijini na mizani yake, tayari kununua historia ya ukoo wenu kwa kilo. Lakini tuna neno moja nawe kuhusu mpangilio wa kazi, kwa sababu vijana wengi mtaani huanzia mwisho. Wanaanza na injini kubwa, rimu pana na ekzosi ya kelele. Breki huwa zinangoja “mshahara ujao”. Huo mshahara ujao ndio unaotutia wasiwasi.

Kwanza tuelewane kuhusu hili gari la misuli ambalo kila mtu analiota. Wapenzi wengi wa magari huhesabu Pontiac GTO ya mwaka 1964 kuwa ndiyo iliyoanzisha mtindo. Pontiac walichukua gari la ukubwa wa kati, Tempest, wakalitia injini ya V8 ya karibu lita 6.4 yenye nguvu farasi 325. Vijana wa Marekani walichizi. Kitu ambacho video nyingi hazikuambii ni kwamba GTO hiyo ilitoka kiwandani na breki za drami kwenye magurudumu yote manne. Ilikuwa inakimbia vizuri kuliko inavyosimama, na ilibidi wanunuzi wangoje hadi modeli ya 1967 ndipo breki za diski za mbele ziwe kitu unachoweza kuongeza kwa kulipia. Basi hata wenyewe walianzia mwisho.

Kuileta moja hapa Kenya ni hadithi nyingine. Gari lililotumika likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia kama gari la kawaida, na usukani wa kushoto hausajiliwi hivi hivi. Mustang, kwa mfano, ilizinduliwa mwaka 1964, lakini Ford hawakuunda ya usukani wa kulia kiwandani hadi kizazi cha 2015. Kwa hivyo ndoto yako ya V8 ya miaka ya sitini ina ukuta mbele yake.

Na kusema kweli, hatuoni hasara. Sisi tuna magari yetu ya misuli, ila misuli yake ni ya aina nyingine. Datsun 1600 SSS ilikuwa na nguvu farasi kama 100 tu, lakini ilishinda Safari Rally mwaka 1970 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka uliofuata Herrmann na Schüller walishinda tena, safari hii na Datsun 240Z. Shekhar Mehta akaichukua mwaka 1973 na 240Z, halafu akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akianza na Datsun 160J. Peugeot 504 ilishinda 1975. Joginder Singh alitwaa 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer iliyokuwa ndogo kando ya wapinzani wake. Hakuna hata moja kati ya hizi iliyokuwa na injini ya lita 6. Zilishinda kwa sababu zilifika, zikiwa nzima, baada ya maelfu ya kilomita za matope na mawe. Ukitaka kujenga gari la Kikenya lenye heshima, hapo ndipo pa kuiga.

Haya, kazi.

Anza na karatasi. Usinunue hata boliti kabla ya kuona logbook. Kama gari bado liko kwa jina la babu aliyefariki, hilo ni suala la urithi na linahitaji karatasi za mahakama kabla ya kuhamishwa kwenye mfumo wa NTSA. Shangazi yako asiyeongea sasa ataongea gari likishang'aa. Mketi kama familia mapema, mkubaliane, muandike. Vilevile kumbuka kwamba ukibadilisha injini au rangi lazima taarifa kwenye rekodi zibadilishwe pia. Askari akifungua boneti akute nambari ya injini tofauti na iliyo kwenye logbook, utaeleza kuanzia saa hiyo hadi jioni.

Halafu kutu. Chukua bisibisi, lala chini, udunge: sakafu chini ya mazulia, kingo za chini ya milango, chini ya betri, na pale juu ambapo springi za mbele zinashikilia bodi. Mahali bisibisi inapozama kama inaingia kwenye mkate, hapo hakuna chuma, kuna rangi na matumaini. Fundi mvivu atakujazia fila, apige msasa, apulize rangi, na utafurahi miezi sita. Kutu huendelea kula chini yake. Dawa ni kukata chuma kibovu chote na kuchomelea kipya. Kwa bahati nzuri hii ni kazi ambayo jua kali wetu wanaiweza sana. Nenda Kariobangi Light Industries uone watu wanavyokunja bati kwa nyundo na macho, bila mashine ya maana, hadi linafanana na la kiwandani.

Sasa breki. Hapa tutakaa kidogo.

Gari lililolala miaka 15 halina breki, hata kama pedali inaonekana ngumu. Hosi za mpira zinazoelekea kwenye magurudumu huoza kutoka ndani: kwa nje ni nyeusi na safi, kwa ndani zimevimba na kuziba. Mafuta ya breki nayo hunyonya maji kutoka hewani. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 140. Shuka nayo mteremko wa Mai Mahiu, breki zipate joto, maji yachemke, yawe mvuke. Mvuke hugandamizwa, mafuta hayagandamizwi. Mguu wako utafika sakafuni na gari litaendelea na safari yake.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Magari mengi ya miaka ya sitini yana mfumo mmoja tu wa breki kwa magurudumu yote manne. Hosi moja ikipasuka, zote zimekwenda. Magari ya baadaye yana mifumo miwili iliyotenganishwa ndani ya masta silinda, ili mmoja ukifa mwingine ubaki. Kama la babu ni la mfumo mmoja, kulibadilisha liwe la mifumo miwili ndiyo pesa ya kwanza kabisa tunayotaka utumie. Baada ya hapo hosi mpya, silinda za magurudumu, mabomba ya chuma yaliyooza, mafuta mapya, na ubadilishe hayo mafuta kila baada ya miaka 2.

Mbona tunakazana hivi? Kwa sababu ya hesabu moja ya fizikia uliyofunzwa kidato cha tatu ukidhani hutaitumia. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati ambayo breki lazima ziimeze huzidi mara nne. Gari linalohitaji mita kadhaa kusimama kwa kilomita 50 kwa saa litahitaji kama mara nne ya hizo kwa 100. Sasa wewe unataka kutoa injini ya farasi 100, uweke ya lita 2 yenye tabo na farasi mara mbili, kwenye bodi ya chini ya tani 1, ubakishe drami za nyuma za mwaka 1971, halafu uende kuijaribu Southern Bypass usiku. Mse, hiyo si gari. Na kando ya barabara hiyo kuna watu wanavuka kwenda kazini ambao hawajui lolote kuhusu mradi wako.

Injini kubwa haiji peke yake. Gia boksi ya zamani haikuundwa kwa nguvu hiyo, wala difu, wala ekseli, wala redieta. Kila unapoimarisha sehemu moja, inayofuata inavunjika, na kila moja ina bei yake. Tumeona miradi mingi ikifia katikati, gari likiwa limefunguliwa vipande kwenye plot, keriteka analalamika, mvua inaingia, na mwisho yule jamaa wa mizani anaitwa. Ndiyo maana msimamo wetu ni kwamba mradi wa kwanza ubaki na injini yake. Ifungue, ipime kompresheni, badilisha ringi na gasketi, safisha kabureta. Injini za zamani za Datsun ni rahisi kuelewa kwa mtu anayejifunza, na ukiifungua na kuifunga ikawaka, umesoma kitu ambacho hakuna mtu atakunyang'anya.

Kuna maboresho ambayo hatuna ugomvi nayo, tena tunayapenda. Ondoa pointi ndani ya distributa, weka mfumo wa kielektroniki. Gari litawaka asubuhi ya baridi ya Julai bila kusukumwa na majirani. Weka rilei kwenye taa za mbele ili moto wa betri ufike taa badala ya kupotea kwenye swichi nzee. Waya zilizokauka ganda zitoe zote, usibandike selotepu, kwa sababu gari nyingi kuukuu huisha kwa moto kabla ya kuisha kwa ajali. Mikanda ya pointi tatu mbele ni lazima. Tena chunguza kichwa cha injini: baadhi ya injini za zamani zilitegemea risasi iliyokuwa kwenye petroli kulinda viti vya valvu, na petroli hiyo iliondolewa Kenya tangu miaka ya 2000. Fundi wa mashine anaweza kukuwekea viti vya chuma kigumu. Uliza mapema, kichwa kikiwa tayari kimefunguliwa.

Kwa kuwa unafanyia nyumbani, yako mambo matatu yanayoua watu kimyakimya. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, na usitegemee matofali au mawe ya ujenzi. Tofali la simiti hupasuka ghafla bila kukuonya. Nunua stendi za chuma. Pili, usichomelee tangi la petroli, hata kama limekauka mwaka mzima. Mvuke uliobaki unatosha kulipua. Litoe kabisa kwenye gari kabla ya kuchomelea chochote karibu. Tatu, ile vumbi ndani ya drami za zamani inaweza kuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Tumezoea kuona mafundi wakiipuliza kwa pampu ya hewa, wote wanakohoa wanacheka. Wewe ilowanishe kwa maji, ipanguse kwa kitambaa, ukifunge kwenye mfuko, uvae barakoa inayofunga vizuri usoni.

Kuhusu fundi. Tafuta mzee. Tunasema hivyo bila kuwadharau vijana wenye skana, ambao kwa gari la 2016 hawana mpinzani. Lakini skana haina pa kuchomeka kwenye Datsun ya 1972. Kwenye Kirinyaga Road, ile ambayo kila mtu bado anaiita Grogan, wapo wazee wanaosikiliza kabureta mbili kwa kipande cha hosi sikioni na kuzisawazisha hivyo hivyo. Wengi wao hawajaandika mahali popote wanachokijua, na wengine wanaelekea kurudi nyumbani kustaafu. Mwendee mmoja kwa heshima, mwite mzee, mnunulie chai, umwambie hutaki akufanyie, unataka akuonyeshe. Wengine watakufukuza. Mmoja atakupa spana.

Wapo watakaokuambia hii yote ni kuchoma pesa, ununue Vitz uendelee na maisha. Kama shida yako ni kufika kazini, wana haki, nunua Vitz. Gari la babu halitakuwa na bei nafuu ya mafuta wala vipuri, na lisiwe ndilo tegemeo lako la kila siku. Weka daftari, andika kila shilingi, na usikope kwenye simu kwa ajili ya rimu.

Siku ya kwanza ya kulitoa, lipia bima kwanza, hata kama ni ile ya mtu wa tatu. Nenda Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ikiwa tupu, na mwenzako nyuma kwenye gari jingine. Usipite 50. Kanyaga breki taratibu, kisha kwa nguvu, mikono ikishikilia usukani kidogo tu, uone gari linavuta upande gani. Likivuta kushoto, rudi nyumbani, weka stendi, toa gurudumu la mbele la kulia.