AFYA YETU: USIMPIME MTU KWA MACHO TU

Ndugu msomaji, wafikirie watu wawili wa kijiji kimoja, hapa kwetu Kabanga, wilaya ya Ngara.

Wa kwanza ana mguu uliopooza kwa polio. Hutembea kwa fimbo. Analima maharage, anachuma kahawa yake, na anatunza daftari la kikundi cha akiba. Wa pili ni mtoto wa miaka saba. Viungo vyake vinaonekana vizima. Lakini masikio yake yalitoa usaha kwa muda mrefu, na sasa hasikii vizuri. Shuleni anaitwa mjinga. Nyumbani anaitwa mkaidi.

Kiongozi anapita kuandika watu wenye ulemavu. Anamwandika yule wa fimbo, tena anaandika "hajiwezi". Mtoto hamwandiki. Hayo ni makosa mawili. Mkulima amevunjiwa heshima. Mtoto amekosa matibabu na masomo.

Kosa limetoka wapi? Tumetazama kiungo, hatukuuliza kazi ya kiungo.

Mwaka 2001 Umoja wa Mataifa ulianzisha kikundi cha wataalamu kiitwacho Washington Group. Kikundi hicho kilitunga maswali sita mepesi. Je, mtu anapata shida:

1. kuona, hata akivaa miwani?
2. kusikia, hata akitumia kifaa cha kusikilizia?
3. kutembea au kupanda ngazi?
4. kukumbuka au kutuliza mawazo?
5. kujihudumia, kama kuoga na kuvaa?
6. kuelewa wengine na kueleweka?

Majibu ni manne: hapati shida, anapata shida kidogo, anapata shida sana, hawezi kabisa. Tazama, hakuna swali linalotaja kilema. Hakuna anayeaibishwa.

Jambo la pili ni mazingira. Ngara ni nchi ya milima. Masika njia zinateleza. Mwenye kiti cha magurudumu asipofika zahanati, je, tatizo ni miguu yake tu? Hapana. Njia pia ni tatizo, na ngazi za mlangoni pia. Miguu huenda isipone, lakini njia tunaweza kuitengeneza kwa majembe yetu. Basi anayempima mtu aipime na njia.

Jambo la tatu: mwulize mwenyewe. Usimwulize ndugu yake huku yeye amekaa hapo hapo. Yeye ndiye anayejua shida yake na msaada anaoutaka.

Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, 11 hivi wana ulemavu. Kama orodha ya kijiji chako ina watu watatu tu, jiulize: wengine wako wapi? Huenda wamefichwa ndani. Huenda hawakuulizwa.

Lakini kuandika peke yake hakutoshi. Mtoto anayetoa usaha masikioni apelekwe zahanati mapema. Asitiwe mafuta wala maji ya majani. Mwalimu amkalishe mbele. Na baada ya muda apimwe tena, maana hali ya mtu hubadilika.

Ndugu msomaji, leo jioni simama nyuma ya mtoto wako, umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, usimpige. Mpeleke akapimwe.

JADILIANENI DARASANI:
Nani katika kijiji chetu hajaandikwa? Ni njia ipi tutaanza kuitengeneza?